Tovuti inatembelewa, lakini wateja bado wanapiga simu kuuliza yaliyoandikwa humohumo. Nirekebishe nini kwanza?

pampu_na_vipuri

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wanaosanifu tovuti za biashara.

Biashara ni ya kuuza pampu za maji, vipuri vyake na matengenezo. Tovuti iko hewani na wageni wapo kila siku, wengi wao kwa simu ya mkononi. Shida ni kwamba simu ya dukani inaita kutwa kwa maswali ambayo majibu yake yamo kwenye tovuti: mnafungua saa ngapi, mnatengeneza pampu ambayo hamkuuza nyinyi, hii pampu itafikisha maji ghorofani? Fomu ya kuomba bei nayo inafunguliwa na wengi, wanaoikamilisha ni wachache mno.

Hali ilivyo sasa: menyu ina vipengele 9 (Mwanzo, Kuhusu Sisi, Dira na Dhamira, Masuluhisho Yetu, Bidhaa, Huduma, Matunzio, Habari, Mawasiliano). Ukurasa wa mwanzo unaanza na picha 5 zinazobadilishana zenyewe. Kila ukurasa wa pampu una picha, jina la modeli na jedwali la mtengenezaji kama lilivyo. Fomu ina visanduku 11 na vyote ni vya lazima. Ukurasa wa mwanzo una megabaiti 9.

Fedha ya kuvunja yote na kujenga upya haipo. Nataka kujua kipi kiguswe kwanza, na nitatumia vipimo gani kujua kwamba kimekaa sawa.

Mchanganuzi

Mkuu, usiibomoe. Na kabla hujagusa rangi, picha wala menyu, weka daftari kando ya simu ya dukani kwa wiki mbili. Kila anayepiga, mpokeaji aandike swali kwa maneno yaleyale aliyotamka mteja. Akisema "inaunguruma lakini maji hayaji", iandikwe hivyohivyo. Isigeuzwe kuwa "hitilafu ya ufyonzaji". Kabla ya kukata simu aulizwe jambo moja tu: umepita kwenye tovuti yetu?

Wiki mbili zikitimia, chukua maswali ya waliojibu ndiyo uyagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza, jibu halimo kabisa kwenye tovuti. La pili, jibu limo ila mteja hakulipata. La tatu, alilipata, akalisoma, halikumtosheleza. Kila fungu lina dawa yake. La kwanza linataka maandishi mapya, la pili linataka menyu na viungo vipangwe upya, la tatu linataka kuandika upya kile kilichopo. Tovuti nyingi huharibika kwa kupewa dawa ya fungu la kwanza peke yake: kila swali linazaa ukurasa mpya, kurasa zinarundikana, na fungu la pili linazidi kunenepa.

Tuanze na saa za kazi. Jibu huenda linaonekana, lakini limeandikwaje? "2:00 – 11:00" mtu anaweza kuisoma kwa saa za Kiswahili au kwa saa iliyo kwenye kioo cha simu yake, na mteja makini atapiga kuhakikisha. Andika "Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni (08:00–17:00)". Taja pia siku ambazo hamfungui, maana ukitaja siku za kazi pekee, mtu anabaki kujiuliza kuhusu Jumapili na sikukuu. Yote haya yakae chini ya kila ukurasa kwa maandishi ya kawaida, yasiwe ndani ya picha ya bango. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayanakiliki, programu ya kumsomea asiyeona haiyafikii, na hayakui mtu akiongeza ukubwa wa herufi kwenye simu yake. Namba ya simu ni vivyo hivyo: iwe kiungo cha `tel:` chenye msimbo wa nchi ili mtu aguse tu na simu ipige.

Swali la "mnatengeneza pampu ambayo hamkuuza" ni la menyu. Mwenye pampu iliyokufa aguse Masuluhisho Yetu, Bidhaa au Huduma? Maneno hayo matatu yanaeleza jinsi nyinyi mnavyojiona. Mteja hajaja kutafuta suluhisho, amekuja kutafuta fundi. Ningeacha vitano: Pampu, Vipuri, Matengenezo, Omba bei, Tulipo. Kuhusu Sisi na Dira na Dhamira viunganishwe kuwa ukurasa mmoja, kiungo chake kishuke chini kabisa. Matunzio yatawanywe: picha ya kazi ya matengenezo ikae kwenye Matengenezo, ndipo inapothibitisha kitu. Habari, kama ya mwisho ni ya mwaka juzi, iondolewe, kwa sababu inamfanya mgeni ahisi duka limefungwa.

Ukiwa na wasiwasi na mpangilio huo, andika majina ya kurasa zote kwenye kadi, kadi moja ukurasa mmoja, uwape wateja watano hadi wanane kila mmoja kwa wakati wake wazipange mafungu na kuyapa mafungu majina. Kadi ambayo kila mtu anaiweka kwake (mihuri ya mpira ya kuzuia maji, kwa mfano, ni kipuri au ni matengenezo?) iwekewe kiungo pande zote mbili. Hakuna sheria inayosema ukurasa ufikiwe kwa mlango mmoja.

Kwenye simu, alama ya mistari mitatu iambatane na neno "Menyu". Kwenye kompyuta usiifiche menyu kabisa; vipengele vitano vinaenea.

Jambo jingine dogo linalosumbua tovuti za Kiswahili: violezo vingi vimechorwa kwa maneno mafupi, na maneno yetu hubeba viambishi. Ukikipa kitufe upana maalumu, "Tutumie ujumbe" inakatwa katikati. Acha upana ufuate maandishi, weka nafasi ya pikseli 12 hadi 16 kila upande. Na kwenye HTML (msimbo unaounda ukurasa) hakikisha imeandikwa `lang="sw"`, yaani lugha ni Kiswahili. Kiolezo kikiachwa na `lang="en"`, programu ya kusoma skrini inachukua sauti ya Kiingereza kusoma Kiswahili, na msikilizaji haambulii kitu.

Mwisho, kile kinachoonekana kabla mtu hajateremsha kidole, chukulia kioo cha pikseli 360 kwa 640. Hapo pawe na sentensi moja na vitufe viwili. "Tunauza na kutengeneza pampu za maji, hata kama hukununua kwetu." Sentensi hiyo peke yake inajibu swali lako la pili.

BintiMsanifu

Naongezea kwenye swali la tatu, "itafikisha maji ghorofani?", kwa sababu hapo ndipo mauzo yalipo na hapo ndipo jedwali la mtengenezaji linapomwangusha mteja.

Jedwali linasema mathalani "H max 38 m, Q max 40 l/min". Asiye fundi anaelewa kwamba atapata lita 40 kwa dakika kwa kimo cha mita 38. Sivyo kabisa. Lita 40 ni pale pampu isipoinua maji popote, na kwa mita 38 kinachotoka ni sifuri. Namba mbili kubwa zilizokaa mstari mmoja zinaahidi kitu ambacho pampu haiwezi, na aliyeziamini akinunua, atarudisha mzigo.

Chukua mchoro wa uwezo wa pampu unaokuja na kijitabu chake, usome nukta tatu au nne, uziandike hivi kwa maneno:

Ukiinua maji mita 10: takriban lita 29 kwa dakika
Ukiinua maji mita 20: takriban lita 19 kwa dakika
Ukiinua maji mita 30: takriban lita 8 kwa dakika

(Hizi ni za pampu ya mfano huo, zako zitoke kwenye mchoro wa modeli husika.) Chini yake weka mstari mmoja: "Pima kimo kuanzia usawa wa maji hadi mdomo wa bomba juu ya tangi. Bomba refu au jembamba hupunguza maji zaidi." Kisha, kwa pampu zinazokaa nje ya kisima na kufyonza maji, weka onyo kabla ya kitufe cha kuomba bei: "Haivuti maji yaliyo kwenye kina cha zaidi ya mita 7 hivi kutoka ilipowekwa." Pampu ya namna hiyo hutegemea msukumo wa hewa, ambao kinadharia unaishia kama mita 10, na kwa kazi halisi 7 au 8 ndiyo mwisho. Mwenye kisima cha mita 15 anatakiwa aisome hapo hapo na apewe kiungo cha pampu za kuzamisha. Ukimwacha aombe bei ya pampu isiyomfaa, umepoteza muda wake na wa muuzaji.

Mpangilio wa ukurasa wa pampu uwe huu kutoka juu: jina ambalo mteja hulitumia ("Pampu ya kisima kifupi, nguvu ndogo") na jina la modeli pembeni yake, picha moja safi, kazi inayofaa na isiyofaa, mistari ya uwezo, bei au kiwango cha bei, kitufe. Jedwali kamili la mtengenezaji libaki, ila chini, kwa ajili ya mafundi. Wao wanalihitaji kweli, usilifute. Kama bei hubadilika, andika inabadilika kwa nini: urefu wa bomba, tangi, kazi ya kufunga. Ukurasa usiosema lolote kuhusu bei ni sawa na kumwambia mtu "piga simu".

Kwenye orodha ya pampu zote, usimchujie mteja kwa wati. Mwulize mambo mawili: maji yako kina gani, na unayapeleka juu kiasi gani. Hayo anayajua.

Na kuhusu kusomeka: maandishi pikseli 16 au zaidi, nafasi ya mistari 1.5, mstari usizidi herufi 75 kwenye kompyuta. Kijivu hafifu ndicho adui. WCAG, mwongozo wa W3C wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wote, unataka utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Kijivu `#999999` juu ya nyeupe hakifiki hata 3. `#767676` kinapita kwa kuponea chupuchupu, `#595959` kinafika 7. Kwa mteja aliyesimama juani kando ya kisima akisoma simu, nenda na hicho cha mwisho au cheusi zaidi.

Nyuzi3

Megabaiti 9 ni biti milioni 72. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde hizo ni sekunde 36, ukurasa wa mwanzo peke yake. Nina hakika sehemu ya wanaokupigia ni watu waliosubiri wakachoka. Lengo lako liwe chini ya megabaiti 1.

Uzito huo karibu wote utakuwa ni zile picha 5. Picha iliyotoka kwenye simu huwa na upana wa pikseli 4000 hivi. Hata kioo cha simu chenye msongamano mkubwa hakihitaji zaidi ya 1200 hivi. Zipunguze hadi hapo, zihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lenye uzito mdogo) kwa ubora wa 75 hivi, kila moja itashuka hadi kilobaiti 100 au 150. Ukiipunguza kwa CSS pekee (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) hujafanya kitu: faili ni lilelile, limebanwa tu likishafika.

Kila `<img>` (picha kwenye HTML) iandikiwe `width` na `height`, yaani upana na kimo. Zisipokuwepo, kivinjari hakijui kitenge nafasi kiasi gani, picha ikifika inasukuma kila kitu chini, na mtu aliyekuwa anataka kugusa "Piga simu" anagusa kitu kingine. Picha za chini zipewe `loading="lazy"`, zipakiwe mtu anapozikaribia. Ile ya kwanza kabisa isipewe, kwani utakuwa unaichelewesha ile inayosubiriwa. Fonti moja, unene mara mbili, faili la fonti la aina ya `woff2`, pamoja na `font-display: swap` ili maandishi yasomeke hata kabla fonti haijafika.

Vipimo ulivyouliza: Google hutumia vitatu. Kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5 (LCP). Mguso ujibiwe ndani ya milisekunde 200 (INP, iliyochukua nafasi ya kipimo cha zamani cha FID Machi 2024). Kuyumba kwa ukurasa kusizidi 0.1 (CLS). Vyote viwe hivyo kwa angalau asilimia 75 ya matembezi. PageSpeed Insights, zana ya Google, inakupa bure, lakini usome namba za watumiaji halisi zikiwepo, na uziangalie za simu. Alama ya kijani ya kompyuta haitakusaidia ikiwa wateja wako wako kwenye simu.

fundi_fomu

Nabaki kwenye fomu, maana visanduku 11 vya lazima ni ukuta.

Kwa kila kisanduku uliza: muuzaji akikosa hiki, atashindwa kupiga simu ya kwanza? Jina la kati, jina la kampuni, anwani ya posta, modeli, vyote vinaweza kusubiri. Ningebakiza vitatu: jina, namba ya simu, na "Unahitaji nini?" cha maandishi huru. Baruapepe iwe ya hiari na iandikwe "(si lazima)". Ongeza nafasi ya picha, nayo ya hiari, kwa sababu mwenye pampu mbovu hajui modeli ila anaweza kupiga picha kibati chenye namba.

Hiyo nafasi ya picha ina mitego miwili. Seva za PHP (lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi), zisipobadilishwa, hupokea faili lisilozidi megabaiti 2, na picha ya simu kwa kawaida huzidi. Mteja anabonyeza Tuma, fomu inakataa, hajui kwa nini. Pandisha `upload_max_filesize` hadi 10M na `post_max_size` hadi 12M, au picha ipunguzwe kwenye kivinjari kabla ya kutumwa. Mtego wa pili ni sifa ya `capture` kwenye kisanduku hicho: ukiiweka, simu nyingi hufungua kamera moja kwa moja na kumnyima mtu picha aliyoipiga jana. Weka `accept="image/*"` peke yake, simu itampa chaguo zote mbili.

Jina la kisanduku likae juu yake, kwa `<label>` iliyofungwa na kisanduku chake. Usitegemee maandishi hafifu ya ndani: yanapotea mtu akianza kuandika, na akipigiwa simu katikati akarudi, hajui alikuwa anajaza nini. Maandishi ya kisanduku yawe pikseli 16 au zaidi. Chini ya hapo Safari ya iPhone hukuza ukurasa mtu akigusa, na fomu nusu inatoka nje ya kioo.

Namba ya simu: `type="tel"` na `autocomplete="tel"`. Usitumie `type="number"`. Namba ya simu ikichukuliwa kama namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo hupotea. Pokea nafasi, vistari na alama ya kujumlisha, seva izisafishe yenyewe. Kumgombeza mtu kwa sababu ameacha nafasi kati ya tarakimu ni kumpa kazi ambayo mashine inaifanya kwa mstari mmoja.

Jina: kisanduku kimoja, "Jina lako". Usiweke kanuni ya herufi. Kanuni nyingi zinazonakiliwa mtandaoni hukubali A hadi Z tu, kwa hiyo mwenye jina lenye ng' anaambiwa jina lake si sahihi. Ukiruhusu alama hiyo, ruhusu zote mbili, ' na ’, maana baadhi ya simu huandika ile iliyopinda zenyewe. Vivyo hivyo kwenye kisanduku cha kutafuta bidhaa: zilinganishe zote kuwa moja kabla ya kutafuta, la sivyo "ng’amua" na "ng'amua" zitaleta majibu tofauti.

Ujumbe wa kosa ukae chini ya kisanduku husika, useme kilichopungua na cha kufanya: "Namba hii ina tarakimu chache. Andika namba nzima pamoja na msimbo wa nchi." Usitegemee wekundu peke yake, wapo wasioutofautisha. Kagua mtu anapotoka kwenye kisanduku. Ukikagua kila herufi, unamwambia amekosea kabla hajamaliza. Na fomu ikirudi na kosa, kila alichojaza kiwepo. Fomu inayofutika baada ya kosa moja haijazwi mara ya pili.

Baada ya kutuma: kitufe kibadilike kuwa "Inatuma…" na kizimike, ili asitume mara tatu. Kisha ujumbe kamili: "Tumepokea. Tutakupigia kwa namba uliyoandika kabla ya saa 11 jioni siku ya kazi inayofuata." Irudieni namba yenyewe hapo ili aione kama kakosea.

Na kabla ya kulaumu visanduku, hakikisha fomu zinafika. Programu nyingi za fomu hutuma barua kana kwamba imetoka kwenye anwani ya mteja. Seva inayopokea inaona barua ya domeni isiyo yako ikitoka kwenye seva yako, ukaguzi wa SPF na DMARC (unaothibitisha kama seva imeruhusiwa kutuma kwa jina la domeni hiyo) unakataa, barua inaishia kwenye taka au haifiki. Anwani ya mtumaji iwe ya domeni yako, ya mteja ikae kwenye `Reply-To` (anwani ya kujibia), na nakala ya kila ombi ihifadhiwe kwenye hifadhidata. Yawezekana waliojaza ni wengi kuliko unaowaona.

pampu_na_vipuri

Nashukuru sana wakuu, na dada BintiMsanifu kwa hilo la mchoro wa pampu, sikuwa nimeliwaza kabisa. Nimekagua barua: mtumaji kweli amewekwa anwani ya mteja, nitabadilisha leo.

Mawili yamebaki. Wenye biashara wanazipenda picha zinazobadilishana na hawataki ziondoke. Na nafikiria kuweka ukanda wa "Piga simu" unaobaki chini ya kioo muda wote. Halafu nitajuaje kama mabadiliko yamefanya kazi, mbali na namba za kasi?

Mchanganuzi

Kuhusu picha, usibishane kwa maneno. Weka kipimo cha miguso kwenye kila picha kwa wiki mbili uwaonyeshe picha ya pili hadi ya tano zinaguswa mara ngapi. Wakishikilia bado, basi zisijiendeshe zenyewe, mteja azisogeze kwa kidole. WCAG inataka kitu chochote kinachojisogeza kwa zaidi ya sekunde 5 kando ya maudhui mengine kiwe na namna ya kusimamishwa, na sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: asomaye polepole hunyang'anywa sentensi kabla hajaimaliza.

Kupima, tafuta watu watano ambao hawajawahi kuona tovuti. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba afadhali kupima watano, kurekebisha, kisha kupima watano wengine, kuliko kupima kumi na watano kwa mkupuo. Watumie simu zao wenyewe na bando lao wenyewe. Kila mmoja mpe kazi nne, na kwenye kazi usitaje neno lililo kwenye menyu. Ukisema "tafuta ukurasa wa Matengenezo" umempa jibu. Sema: "Pampu ya nyumbani imeacha kuvuta maji. Jua kama hawa wataitengeneza na itachukua siku ngapi." Nyingine: "Kisima kina mita 12, tangi liko juu mita 6. Chagua pampu." Hiyo ya pili itakuonyesha kama onyo la mita 7 linasomwa au linarukwa.

Baada ya hapo nyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu. Akikwama utatamani kumwelekeza, mwache. Akikuuliza "niguse hapa?", mjibu "ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Andika kitu alichogusa kwanza, alichosoma kwa sauti, mahali alipopandisha na kushusha ukurasa mara mbili bila kugusa kitu. Mguso wa kwanza ukikosea kwa watatu kati ya watano, jina la kipengele hicho ni baya, hata kama hatimaye walifika.

Na lile daftari la simu lirudi kazini mwezi mmoja baada ya mabadiliko, kwa wiki mbili tena. Linganisha fungu kwa fungu. Jumla ya simu inaweza hata kuongezeka na ikawa heri, kama wanaopiga sasa wanasema "nataka ile ya lita 19 kwa mita 20, mnayo?"

BintiMsanifu

Ukanda wa chini ni mzuri kwa biashara kama yako, kwa masharti. Usizidi vitufe viwili, kila kimoja kimo cha pikseli 48 hivi (WCAG 2.2 inaruhusu kushuka hadi 24, lakini kidole gumba cha mtu anayetembea kinahitaji zaidi). Ukurasa uachiwe nafasi ya chini inayolingana na kimo cha ukanda, bila hivyo mstari wa mwisho hausomeki kamwe, na kwako mstari wa mwisho ndio wenye saa za kazi. Kwenye ukurasa wa fomu uondoe kabisa: kibodi ikifunguka, kwenye baadhi ya simu ukanda unapanda juu yake na kuziba kisanduku kinachojazwa.

Nje ya saa za kazi, "Piga simu" ibadilike kuwa "Tuache ujumbe". Simu isiyopokelewa ni jibu baya kuliko kutokuwa na kitufe.

Nyuzi3

Moja la haraka kabla hujaanza kubadilisha menyu: ukifuta au kubadili anwani za kurasa, kila anwani ya zamani ielekezwe kwa 301 (msimbo wa "ukurasa umehama moja kwa moja") kwenye ukurasa mpya unaofanana nao. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtu aliyehifadhi ukurasa wa kipuri fulani akajikuta mwanzo anadhani mmeacha kukiuza. Toa orodha ya anwani zote leo, kabla ya kugusa chochote, uandike mbele ya kila moja inakokwenda. Zile zisizo na mrithi ziache zilete ukurasa wa 404 ("haupatikani"), lakini huo 404 uwe na kisanduku cha kutafuta, viungo vya Pampu, Vipuri na Matengenezo, na namba ya simu.